Mto wa Kufulia

9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha utasema nimeandika kwa sababu nina shida, kwa hiyo nikuwahi: sina shida yoyote. Mume wangu hajambo, kikohozi kimepungua tangu tuhame kile chumba chenye ukuta wa unyevu. Watoto wanaendelea kunimaliza nguvu. Wewe je, mguu? Na mkwe wako, mimba inamwendeaje? Mwambie nilimwota, na ndotoni alikuwa amenenepa.

Kazini wamenihamisha. Sasa niko dawati la vibali vya maji, ghorofa ya pili, chumba kimoja na wenzangu wawili na feni inayopulizia upande wao tu. Kazi yenyewe ni hii: mwenye kiwanda akitaka kumwaga majitaka mtoni, lazima apite kwetu, na sisi ndio tunaamua amwage kiasi gani na yawe yamesafishwa mpaka wapi. Usicheke. Nakusikia kabisa ukisema nilisomeshwa miaka yote ile ili nikasimamie maji machafu.

Mwezi huu vijana wetu watapita mitaa yote ya bondeni, na kwenu pia, kuuliza watu wanautumiaje mto. Ni maswali ya kawaida, waambieni tu hali ilivyo. Halafu lile bomba walilowafungulia pale kona, bado linatoa maji vizuri?

Wako,
Kidomo

2 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekawia mpaka nikadhani posta wameamua kuisoma kwanza wao. Mguu upo, unauma ukipenda. Mkwe wangu hajambo, anakula kwa watu wawili na kulala kwa watu wanne. Mwanangu bado yuko migodini, anatuma salamu kupitia midomo ya watu kama vile kalamu zimepigwa marufuku huko. Mimi sare za shule zimenijaa mpaka cherehani inanuka moto. Na usiniambie nipige simu. Masikio yangu unayajua. Nikiongea na simu mtaa mzima unapata habari zangu, na majibu yako wanayasikia wao kabla yangu.

Vijana wako walikuja, wawili, viatu safi utadhani wamebebwa. Walitukusanya akina mama kwenye kibaraza cha duka, na mmoja akauliza mbele za watu: "Mama, mnakunywa maji ya mto?" Kwa sauti ile ile ya kumuuliza mtu kama ana chawa. Mwanangu, damu ilinipanda. Nikawaambia sisi ni watu kama nyie, tuna bomba, mto ni wa kufulia na wa ng'ombe. Nikawaambia na hili, kwamba mkubwa wenu kule ghorofani ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea kwa mikono hii, kwa hiyo maswali ya kipuuzi wakaulize kwingine. Walicheka kwa adabu. Wenzangu wote wakaitikia kama mimi, hata yule muuza mkaa ambaye hajawahi kukubaliana nami kwa jambo lolote.

Bomba lipo. Limesimama pale pale kona.

Ni mimi,
Shangazi yako

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mdogo ameng'oka jino na anataka alipwe fidia. Nafurahi mkwe anakula.

Wale vijana wamerudi na heshima mpya. Sasa wananipisha mlangoni. Nilipofika kwenye majibu ya mtaa wenu nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akazima feni anisikilize. Wameyaandika maneno yako kama ulivyoyatoa: mto wa kufulia na wa ng'ombe. Umenirahisishia kazi kuliko unavyojua. Mto ambao watu hawaunywi una masharti yake, mepesi zaidi, na kiwanda cha mbolea kule juu kilikuwa kinatusumbua tangu mwaka jana kuhusu maji yake. Basi jambo hilo limekwisha, wamepata walichotaka, na mimi napumua.

Mtoto akizaliwa msimguse na maji mabichi, hata yawe ya bomba. Chemsheni yatokote sana, msione uvivu. Nawatumia sufuria kubwa yenye mfuniko kwa yule kondakta wa basi anayetuletea mizigo. Usiigeuze ya maharage.

Wako,
Kidomo

21 Aprili

Kidomo,

Marahaba, na pokea salamu za mtu mpya. Mkwe wangu amejifungua salama mtoto wa kike. Tunamwita Sindano, kwa wembamba na kwa jinsi sauti yake inavyochoma. Baba yake ameambiwa, ametuma salamu. Uso ni wa kaka yangu mtupu, mpaka lile kunyanzi la kwenye paji la kumkasirikia kila mtu. Nilipomshika mara ya kwanza nililia, na wewe unajua mimi si mtu wa kulia.

Ila hakuna raha kamili. Mama yake amepata jipu la titi, titi limevimba mpaka amepata homa, na muuguzi amesema tumpe mtoto maziwa ya kopo mpaka apone. Usiwe na wasiwasi. Maji ya kuchanganyia nachemsha mwenyewe, simwachii mtu. Nayachemsha, yanapoa, nayachemsha tena, mpaka yanabaki nusu ya sufuria, kama ulivyoagiza. Mkwe ananiambia nimezidi. Namwambia haya ni maagizo kutoka ofisini.

Huku hakuna jipya. Mvua zimekuwa haba. Mto mwaka huu umeota kijani kandoni utadhani kuna aliyepanda, na ng'ombe wanafurahi.

Shangazi yako

17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo nisamehe, sitauliza habari ya mtu.

Barua yako ya Aprili nimeipata asubuhi hii. Ilikaa mapokezi chini ya maombi ya watu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, mpaka pale kwenye kijani cha mto. Nimepiga simu ya mkwe tangu saa hiyo, haipatikani. Namkimbilia kondakta na barua hii kabla basi halijaondoka.

Maji ya Sindano mnayatoa wapi? Nakuuliza kama mtoto wako, si kama ofisi. Kama ni ya bomba, nitukane utakavyo na tucheke. Kama ni ya mto, acheni leo hii. Maji ya kiwanda kile yana chumvi ya mbolea, haina rangi, haina harufu wala ladha. Mtu mzima inampita. Mtoto mchanga inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe hewa. Na haifi kwa kuchemsha. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo kadiri unavyochemsha ndivyo unavyoikaza. Tafuteni maji ya chupa, ya mvua, ya kuomba kwa watu, yoyote. Mkiona midomo yake au kucha zimebadilika rangi, mkimbizeni hospitali, na jambo la kwanza mwambieni daktari ni maji ya mto. Ipo dawa, wakijua ni nini.

Naomba ruhusa leo. Kesho kutwa nitakuwa hapo.

Kidomo

18 Mei

Kidomo mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, nampa barua hii dereva wa gari la wagonjwa anayekuja huko kwenu. Simu ya mkwe imekufa chaji na hapa hakuna wa kutusaidia.

"Mtoto hajambo" si neno la kusema leo. Tangu juzi alikuwa analia kidogo kuliko kawaida yake, nikasema afadhali, amezoea dunia. Jana jioni midomo yake ikawa ya bluu, ile bluu iliyopauka ya sare zilizofuliwa sana. Kucha pia. Wamemwekea hewa ya mtungi lakini rangi haibadiliki. Walipomtoa damu haikuwa nyekundu, ilikuwa ya kahawia. Daktari ni kijana, ana bidii, anasema huenda alizaliwa na moyo wenye kasoro. Ametuuliza mengi. Aliuliza na habari za maji. Nimemwambia tunachemsha, tena mara mbili.

Mkwe wangu amekaa hapo chini sakafuni, hataki kiti. Njoo kama unaweza.

Shangazi yako

10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, na hapa wote wanakupa pole. Mume wangu anasema utakapoweza uje upumzike kwetu. Mwambie mkwe nimempa mganga wa macho wa hapa habari zake, kichwa kile kinachomuuma huenda ni kilio tu.

Siku zote nilizokaa kwako msibani hatukusemezana neno la maana. Uliniambia nile, nikala. Uliniambia nilale, nikalala. Siku ya pili nilitumwa sukari, nikapita pale kona. Bomba limefungiwa mbuzi. Nililifungua hata hivyo, kama mjinga. Likakohoa hewa, likatoa mchanga kidogo, likanyamaza. Mwenye duka akaniambia halijawahi kumaliza mwezi mmoja likitoa maji. Nikarudi na sukari, ukanimiminia chai, nikainywa nikijua imetoka wapi. Nawe ulinitazama nikinywa.

Nilikuandikia mwezi wa tatu kuwa jambo la kiwanda limekwisha. Sikukuandikia nani amelimaliza. Kibali kile nilikisaini mimi, kwa mkono huu, na maneno niliyoegemea ni yako. Kwa nini hukuniambia, Shangazi? Neno moja tu. Ungeandika "bomba halitoi" na mtoto angekuwa hai.

Sasa sikiliza. Hospitali wameandika kasoro ya moyo, kwa hiyo kwa upande wao hakuna maji wala kiwanda. Kibali kikishatoka hakifunguliwi kwa manung'uniko. Lazima kiitishwe kikao cha wazi, na mtu wa bondeni asimame aseme kwa mdomo wake kwamba watu wanaunywa mto ule. Nakuomba uwe wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyesema hawaunywi.

Kidomo

24 Juni

Kidomo,

Marahaba. Mguu umevimba, asante kwa kutouliza.

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikashona suruali nne, nikaisoma tena. Hasira haijapungua, kwa hiyo nakuandikia nayo.

Unaniuliza kwa nini sikukuambia. Wewe ni mgeni wa huku? Ndoo ya kwanza kukaa kichwani mwako ilitoka mto ule. Ulipoharisha ukiwa darasa la nne nilikubeba mgongoni hadi zahanati, na sote wawili tulijua umekunywa nini. Mwezi wa kwanza uliniuliza habari za bomba, nikakujibu kuwa lipo. Mtu niliyempa jina la Kidomo kwa sababu ya kuuliza mpaka nikimbie nyumba yangu, jibu kama lile likamtosha! Hukurudia. Mimi nilidanganya vijana wawili wenye viatu safi kwa sababu ya aibu. Sikutaka waondoke wakitaniana kwamba shangazi wa mkubwa wao anakunywa sehemu moja na ng'ombe. Nilikuwa nalinda jina lako, na langu pia. Lakini wewe uliujua uongo wangu ulipousoma. Ulicheka, umeandika mwenyewe kuwa ulicheka. Ukausaini kwa sababu ulikufaa.

Haya, nimetema. Sasa langu, ambalo sina pa kulipeleka ila kwako.

Yule daktari aliniuliza maji mara mbili. Mara ya pili aliinama, akanitazama usoni, akasema, "Mama, maji mnatoa wapi?" Muuguzi alikuwa pale, na mwanamke mwingine na mtoto wake, na mkwe wangu. Nikasema tunachemsha. Akaandika, akaenda. Kumbe dawa ilikuwepo, umeniandikia mwenyewe, wakijua ni nini. Barua yako ya kondakta iliachwa dukani, nikapewa tulipotoka makaburini. Mkwe akaniuliza inasema nini. Nikamwambia ni ya pole.

Nitakuja kwenye kikao chenu. Ila sisemi peke yangu. Nikikuona umekaa upande wa meza ya wakubwa, nageuza hapo hapo mlangoni.

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mguu. Naandika nikiwa nyumbani, mchana wa siku ya kazi, kwa hiyo unaweza kukisia.

Huna ulipokosea katika barua yako. Nilitafuta sehemu ya kukujibu, sikuiona. Nilijua. Sikujua kama mtu anavyojua kuwa jua limetoka, lakini nilijua vya kutosha kuuliza tena, na sikutaka kuuliza. Mkurugenzi alikuwa anapita mezani kwangu kila siku kuulizia faili la kiwanda. Maneno yako yalipokuja, niliyashika kama mtu anayeteleza anavyoshika chochote.

Nimepeleka maelezo yangu kwa maandishi. Wameniondoa dawatini kwanza, mengine yatafuata. Kikao kitakuwa wiki ya mwisho ya Agosti, katika ukumbi wa shule uliojengwa karibu na daraja. Sitakaa mezani. Nitakaa benchi moja na wewe.

Jambo moja nakuomba kwa magoti. Mwambie mkwe kabla ya siku hiyo. Asiyasikie ukumbini.

Kidomo

30 Septemba

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Nimesikia umemwaga unga. Mumeo kaniandikia, ana mwandiko mbaya lakini moyo mzuri. Anasema unafundisha watoto wa jirani hesabu ili usikae bure. Pole. Najivunia ulivyosimama siku ile, nakuandikia sasa kwa sababu siku ile uliondoka kabla sijakuambia.

Sikumwambia mkwe. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi alinisalimia vizuri. Kwa hiyo aliyasikia kule kule tuliposema mimi na wewe, akiwa kiti cha tatu nyuma yetu. Wewe uliondoka na wale wa gazeti, hukuona. Watu walipoanza kusimama mmoja mmoja, hata muuza mkaa na mwenye duka, kila mtu akisema na mimi nakunywa, na mimi nakunywa, yeye alibaki amekaa. Njiani alitangulia mpaka tulipovuka daraja. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua ni sumu, naapa.

Akasema, "Sijauliza hilo. Nauliza siku ile daktari alipokuuliza."

Nilitafuta jibu, hata la uongo, mimi, sikulipata. Alifunga nguo zake siku hiyo hiyo, kwa utaratibu, akaniachia chumba kimefagiwa. Yuko kwao. Mwanangu kaniandikia kwa mara ya kwanza tangu aende migodini, barua ya mstari mmoja, na sitakuandikia inasema nini.

Uamuzi wa idara yenu umetoka. Wameubadilisha mto, sasa kwenye makaratasi ni mto wa kunywa. Kiwanda kimepewa hadi mwakani mwishoni kujenga mtambo wa kusafisha maji yake, na mpaka hapo kinaruhusiwa kumwaga kama kawaida. Bomba halijatajwa. Wiki iliyopita wakaja mafundi na nguzo ya chuma, wakasimika kibao kikubwa chenye nembo yenu: Maji haya ni hatari, ni marufuku kunywa. Fundi aliniomba maji ya kuchanganyia saruji, nikamwonyesha mto kwa kidole, na akacheka akidhani namtania.

Kibao wamekiweka penye ngazi za kushukia, maana kwingine ni matope matupu. Asubuhi ndipo tunapopanga foleni. Ndoo zilizojaa tunaziegemeza kwenye nguzo yake zisimwagike, tukisubiri wengine wachote.

Shangazi yako